Wazee, Msichanganye Dawa za Mkojo Wenyewe
(Mazungumzo na wazee wa kambi)

Mwanamume akipita miaka 50, tezi dume huweza kukua na kubana njia ya mkojo. Mkojo hutoka kidogo kidogo, na kibofu humwamsha usiku kucha. Daktari huanza na dawa ya kulegeza misuli ya tezi, kama tamsulosini. Haja ya ghafla isipopungua, huweza kuongeza ya kutuliza kibofu, kama tolterodini, baada ya kupima mkojo unaobaki. Kwa nini apime? Dawa hii ya pili huweza kuufunga mkojo kabisa. Basi usiazime vidonge vya jirani. Mkojo ukiziba na tumbo la chini likiuma, usingoje asubuhi. Njoo zahanati mara moja. Si aibu, ni ugonjwa.