Mafua Makali Msimu wa Baridi: Ya Nyumbani na ya Zahanati

Ndugu wananchi wa Njombe na Makambako,

Tunazungumza nanyi kuhusu majira mnayoyafahamu kuliko sisi. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi hufunga milango na madirisha, watu husogeleana kuota moto, na kikohozi cha mmoja huwa cha kaya nzima. Mafua makali, yaani influenza, huletwa na virusi. Humwanza mtu ghafla kwa homa, maumivu ya misuli, kichwa kuuma na uchovu wa kumlaza kitandani. Walio wengi hupata nafuu ndani ya wiki moja, ingawa kikohozi huweza kukawia.

Kwa kuwa chanzo ni virusi, amoksilini haina kazi hapa. Anayeomba dukani “vinne tu vya rangi mbili” hatibu mafua yake, bali huvizoesha vimelea dawa ambayo kesho mtoto mwenye nimonia ataihitaji.

Jambo tunalopenda mlizingatie zaidi ni hesabu ya parasetamoli. Dawa hii hushusha homa na kutuliza maumivu, nayo ni salama ikinywewa kwa kipimo. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 katika saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa nne. Lakini dawa nyingi za mafua za mchanganyiko nazo zina parasetamoli ndani yake. Anayemeza viwili vya maumivu, akaongeza viwili vya mafua, kisha usiku akakoroga unga wa mafua katika maji ya moto, huenda amekunywa dawa ileile mara tatu bila kujua. Ini huumia kimyakimya, na dalili huweza kuchelewa siku nzima au zaidi. Geuzeni pakiti mtafute neno Paracetamol, au Acetaminophen, ambayo ni dawa hiyohiyo. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, wala hakatiwi kidonge cha baba. Aspirini asipewe kabisa.

Mengine ya nyumbani ni mepesi: mapumziko, maji, uji, supu, chai ya tangawizi. Asali hutuliza kikohozi, ila asilambishwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Kujifukiza tunakuombeni msiwafanyie watoto. Sufuria inayochemka chini ya blanketi huunguza.

Jiko la mkaa lisilale chumbani na mgonjwa. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo mtu huweza kudhani ni mafua. Wakiumwa kichwa wote waliomo chumbani, tokeni nje mara moja, kisha mwende kituo cha afya.

Makambako ni njia panda ya barabara kuu na ina stesheni ya TAZARA. Malaria ni haba katika baridi ya Njombe, lakini abiria huweza kuja nayo kutoka mabondeni. Aliyesafiri karibuni akashikwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo kabla ya kuiita mafua.

Wapo pia wasiopaswa kusubiri: wajawazito, wazee, wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na wanaoishi na VVU, ambao mkoa huu unao wengi. Hao waende kituoni mapema, na ARV zisikatishwe kwa ajili ya mafua.

Kwa wengine, ondokeni nyumbani bila kungoja kuche mkiona mgonjwa anapumua kwa shida, kifua kinambana, amechanganyikiwa au midomo imegeuka rangi ya bluu. Homa iliyopita siku tatu, au iliyokwisha kisha ikarudi kwa nguvu, nayo ichunguzwe. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, akilegea, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, apelekwe mara moja. Hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, ni nyingi mno. Mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa hangojewi hata saa moja.

Mwendapo zahanati, chukueni pakiti zote za dawa alizokwisha kunywa mgonjwa, hata zilizo tupu, mkamweleze mganga saa aliyomeza dozi ya mwisho.