UNAKWENDA KUSOMA MAJUU? FUNGASHA NA AFYA YAKO

(Mazungumzo na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, Tabora)

Najua wengi wenu mna ndoto ya kwenda kusoma majuu, au hata Kampala tu hapo jirani. Safi sana. Koti la baridi utaazima, vyeti utatoa kopi. Je, afya yako umeiandaaje?

Ninyi mnaishi kwenye njia ya wasafiri. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa Tabora. Pale Kwihara ipo nyumba ya tembe aliyokaa David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Yeye mwenyewe alikuwa daktari. Lakini Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa njiani. Tangu hapo aliugua mara kwa mara, na mwaka 1873 alifia safarini. Kwa hiyo zingatia haya:

1. Anza mapema. Nenda hospitali angalau miezi miwili kabla ya safari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa mfano, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Uliza ubalozini wanataka chanjo na vipimo gani.

2. Usifiche ugonjwa. Una selimundu, pumu au kifafa? Unatumia ARV? Wengine huogopa: "Wakijua watanifutia skolashipu!" Basi wanaacha dawa nyumbani. Hapo ndipo hatari ilipo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Soma masharti ya skolashipu, kisha zungumza na daktari wako. Mwenye selimundu ajue kwamba baridi na kukosa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Vaa nguo nzito, kunywa maji ya kutosha, hata ndani ya ndege.

3. Dawa zikae begi la mkononi. Sanduku kubwa linaweza kupotea, kama la Livingstone. Ziache kwenye pakiti zake, na ubebe barua ya daktari inayotaja jina la kitaalamu la kila dawa. Uliza pia kama zinaruhusiwa huko uendako.

4. Homa ugenini si ya kupuuza. Ukiugua wiki au miezi baada ya kufika, mwambie daktari siku hiyo hiyo: "Natoka Tanzania, naomba nipimwe malaria." Asiyeizoea anaweza kudhani ni mafua. Na ukirudi likizo, usijidai mwenyeji! Mwili uliokaa mbali hupunguza kinga yake ya malaria. Lala ndani ya chandarua.

5. Bima. Jua nani atalipa ukilazwa. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2015 wanafunzi wengi wa kigeni hulipia huduma ya afya wanapoomba viza.

Huna hata pasipoti bado? Usijali. Ukienda nyumbani, muulize mzazi: "Nilichanjwa nini, na kadi yangu iko wapi?" Anzia hapo. Kinga ni bora kuliko tiba.

Safari njema!