Mshale na Upinde Wake

Somo: Zaburi 127:3–5



Katika Zaburi ya 127 mwimbaji anawafananisha watoto na mishale iliyo mkononi mwa shujaa. Maneno hayo tunayasikia mara nyingi kwenye ubatizo na kwenye arusi, na kila mara tunalifurahia podo lililojaa. Lakini mwenye mishale mingi bado ana kazi mbele yake. Mwulize fundi wa upinde. Atakuambia kwamba mshale ulionyoka kabisa, tena wa bei kubwa, waweza kukosa shabaha kila siku kwa sababu tu haupatani na upinde unaourusha. Leo tumsikilize fundi huyo, kisha turudi nyumbani kwetu.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sisemi haya ili mtu achukue upinde aingie porini. Zamani Wakamba na Waata walisifika sana kwa upinde, na mishale yao ilikuwa ya mti. Huko Marekani, ambako sheria huwapa watu leseni ya kuwinda kulungu kwa msimu, wako wengi wanaopenda upinde wa namna ya zamani, usio na magurudumu wala kioo cha kulengea. Lakini baadhi yao huutumia na mishale ya kisasa ya kaboni. Mshale huo ni bomba jembamba la nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Ni mwepesi, wala haukunjamani kwa mvua na jua. Mshale wa mti ukiwa mgumu mno, fundi huuparuza kidogo kidogo mpaka ulainike. Wa kaboni haukubali kuparuzwa. Umetoka kiwandani na ugumu wake.

Ugumu huo hupimwa hivi. Uti wa mshale huegemezwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, na katikati huning'inizwa uzito wa gramu 880 hivi. Ukizama nusu inchi, mshale huitwa 500. Ukizama sehemu nne za kumi za inchi, huitwa 400. Namba ikiwa ndogo, mshale ni mgumu zaidi.

Huenda ukauliza, mshale wa nini upinde, nao hutakiwa kwenda moja kwa moja? Sababu ni kwamba katikati ya upinde pana mpini, na mshale hulala ubavuni mwake. Uzi ukiachiliwa, huusukuma mshale kwa ghafula kutoka nyuma. Mshale hupinda, ukauzunguka mpini, ukatikisika kama samaki majini, kisha ukajinyoosha njiani. Picha za kasi zilizopigwa Marekani katika miaka ya 1930 zilionyesha jambo hili waziwazi. Mshale mgumu mno haupindi vya kutosha, na kwa mpigaji wa mkono wa kulia huenda kushoto. Mshale laini mno hupinda kupita kiasi, ukaenda kulia. Upinde mkali hutaka mshale mgumu, na upinde mpole hutaka mshale laini.

Sisi wazazi twapenda kusema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini je, tumepima kila mmoja anakunjika kiasi gani? Watoto wawili wa tumbo moja hukaripiwa kwa sauti ile ile. Mmoja hushika jembe akaenda kazini, mwingine hunyamaza wiki nzima. Sauti ni moja, mishale ni miwili.

Basi fundi hujuaje kama mshale wake unapatana na upinde? Huchukua mishale michache yenye manyoya na mmoja wa aina ile ile ulionyonyolewa, akaipiga yote kwenye shabaha ya karibu, hatua kumi hivi, baadaye ishirini. Manyoya huusaidia mshale kujinyoosha hewani, kwa hiyo huficha kosa. Ule ulio uchi hausaidiwi na kitu. Kosa likiwapo, huanguka mbali na wenzake. Wala fundi hahukumu kwa pigo moja. Hupiga tena na tena, kwanza ahakikishe kwamba si mkono wake mwenyewe uliotetemeka.

Watoto wetu nao wana manyoya. Wana nguo za Jumapili, wana shikamoo mbele ya wageni, wana karatasi ya matokeo ya mtihani. Mambo hayo ni mema. Lakini je, baba, wamjua mwanao bila hayo? Wajua jambo analoliogopa usiku? Mama, binti yako akikosa alama, aweza kukuambia wewe kwanza kabla ya mtu mwingine?

Akiisha kuona kosa, fundi hulitengeneza taratibu. Mshale ukiwa mgumu, huuwekea chembe kizito mbele, pengine gramu 13 badala ya 7, nao hupinda zaidi. Ukiwa laini, huukata ufupike, lakini robo inchi tu kwa mara moja, kisha hupiga tena. Mbona haraka hana? Kwa sababu kipande kilichokatwa hakirudi. Neno nililomtupia mtoto mbele ya wenzake ni kipande cha namna hiyo. Naweza kuomba radhi, na ni lazima niombe, lakini neno limekwisha kukata.

Tena, wasikilizaji, fundi hasahihishi mshale peke yake. Huugeukia upinde pia. Huuzungusha uzi uwe mfupi au mrefu kidogo, na mahali mshale unaposhika uzi huweza kupandishwa au kushushwa. Mtume Paulo, katika Waefeso 6:4, baada ya kuwaagiza watoto kutii, anawageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao. Ameugusa mshale, na upinde nao ameugusa.

Kazi hii yote ni ya nini? Mwindaji mwaminifu anajua kwamba mshale unaoruka upande upande hupoteza nguvu zake. Humfikia mnyama bila kuingia ndani, naye hukimbia na jeraha akafe polepole kichakani. Vivyo hivyo, wako wazazi wanaokuja kwa mchungaji wakilia: kijana wao alikwenda mjini, simu hapokei, na habari zinazofika ni za ulevi na ugomvi. Si kila mara kosa ni la wazazi. Mtoto naye ana hiari yake. Lakini wengine hukiri wenyewe kwamba hawakumpima kamwe. Walimvuta tu kwa nguvu zao zote.

Na kama mwanao amekwisha kugonga mwamba? Mshale wa kaboni uliogonga kitu kigumu, mwenye busara huupinda kidogo na kuusikiliza kabla ya kuupiga tena, maana waweza kuwa na ufa usioonekana, ukapasuka mkononi mwake. Kijana anaporudi nyumbani, usianze kwa kumtuma wala kumhoji. Mpe chakula, keti naye, umsikilize.

Tuombe. Ee Baba, umetukabidhi watoto wasiofanana. Tupe subira ya kuwajua mmoja mmoja. Zuia midomo yetu isikate kisichorudi. Tugeuze na sisi wazazi. Nao walio mbali usiku wa leo, uwalinde, uwarudishe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.