Ndoo iliyopasuka

Baada ya taarifa ya habari, tubaki kidogo na ndoo iliyopasuka. Kwa msikilizaji wetu wa Kisegi, kando ya ziwa, hiyo ni takataka. Kwa Nzambi Matee wa Nairobi ni malighafi ya kabro, matofali ya kutandaza njiani.

Mwaka 2017 Matee aliacha kazi na kufungua maabara ndogo nyuma ya nyumba ya mama yake. Majirani walilalamikia kelele za mashine. Kabro ya kwanza ilimchukua miezi 9.

Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilimtuza, na magazeti, kama kawaida yetu, yakakimbilia tuzo. Mimi navutiwa na uchambuzi wa plastiki. Chupa ya maji ya kunywa haitaki. Chupa ya maziwa, mfuko wa nafaka, kamba, ndoo: hizo anazichukua, zinachanganywa na mchanga kwenye joto kali, kisha zinakandamizwa. Akiwa mafunzoni Marekani alitumia maabara ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kupima, tena na tena, mchanga uwe kiasi gani kwa kila aina ya plastiki. Hapo ndipo ubora ulipo, wala hapapigwi picha.

Watu wa Migori wanalielewa hilo. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, boma la kale la huko kwao lililoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, hazina saruji wala udongo wa kuunganishia. Kila jiwe lilichaguliwa na kukalishwa kwa mkono.