Kilichomo Ndani ya Hewa ya Msitu

Anayepanda matatu Kondele asubuhi na kushuka kando ya Msitu wa Kakamega huhisi mara moja kwamba hewa ni nyingine. Pua inajua, ila haiwezi kueleza kilichobadilika. Ndani ya hewa hiyo mna pia vitu vidogo sana na adimu sana: ayoni, yaani chembe za hewa zilizobeba chaji ya umeme.

Wengi hudhani umeme wa hewani ni kazi ya radi, na kwa wanaoishi chini ya milima ya Nandi dhana hiyo inaeleweka. Lakini hata anga ya Kisumu ikiwa shwari, gesi ya redoni inayotoka ardhini, pamoja na miale kutoka mbali angani, huzigonga molekuli za hewa na kuzing'oa elektroni. Katika sentimita moja ya ujazo huwa na ayoni mamia kadhaa, pengine elfu moja au mbili, katikati ya molekuli mabilioni kwa mabilioni. Kila moja hudumu dakika chache tu.

Kuzihesabu ni kazi ya zamani. Kujua zimeundwa na nini ndiyo kazi mpya. Mojawapo ya misitu iliyochunguzwa zaidi ni ule wa misonobari wa Hyytiälä, nchini Finland. Huko wanasayansi walitumia chombo kinachovuta hewa kupitia tundu dogo hadi kwenye chumba kisicho na hewa. Ayoni husukumwa kwa umeme zikimbie pamoja. Nyepesi hufika kwanza, nzito hufika nyuma. Muda wa mbio hizo hufichua uzito, na uzito ukipimwa kwa makini hufichua kilichomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba mchana ayoni hasi nyingi zilitokana na asidi ya salfuriki. Usiku zilitawala molekuli nzito zilizotokana na mvuke wa miti yenyewe.

Mkulima wa mpunga wa Ahero anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Mvuke wa miti ukikutana na ayoni hushikana kwa urahisi zaidi na kuwa chembe. Mwaka 2016 jaribio la CLOUD, katika kituo cha CERN karibu na Geneva, lilionyesha kwamba mvuke wa aina ya misonobari unaweza kuzaa chembe peke yake, na kwamba ayoni huongeza kasi hiyo mara 10 hadi 100. Chembe zikikua vya kutosha, matone ya wingu hujishikiza hapo. Ziwa hutoa maji mengi hewani, lakini maji hayo nayo yanahitaji pa kushika.

Hata hivyo, majibu ya Finland hayaletwi Nyanza yakiwa mazima. Miti mingi ya majani mapana ya nchi za joto hutoa isopreni, gesi ambayo katika majaribio imeonekana kuzuia chembe mpya kuzaliwa. Halafu kuna moshi. Ayoni hunasa kwenye moshi na kupotea, kwa hiyo chombo kikiwekwa upande unakovuma upepo kutoka shamba la miwa linalochomwa Muhoroni, kitasoma moshi wala si msitu.

Moshi huo unaoharibu vipimo ndio huo huo unaoingia mapafuni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba chembe laini zisizidi mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa wastani wa mwaka. Mama karanga anayekaanga mbuta ufuoni kwa kuni mbichi hukaa ndani ya hewa iliyopita kiwango hicho kwa mbali. Kuni zilizokauka vizuri, jiko lenye dohani na kibanda kilicho wazi upande wa upepo hupunguza madhara. Takataka zisichomwe uani.

Jambo moja la pembeni. Wapo wanaouza mashine za ayoni wakidai ni hewa ya msitu ndani ya nyumba, tena dawa ya pumu. Madai hayo hayana uthibitisho wa kutosha, na baadhi ya mashine hizo hutoa ozoni, gesi inayodhuru mapafu. Mwenye mgonjwa wa pumu nyumbani na amuulize daktari wa kituo cha afya kabla ya kutoa pesa.