KWA WANAOKWENDA KWA MSHAURI NASAHA
(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama, yameandikwa hapa kwa wasiofika)



Tangu shambulio la Kitaya la Oktoba 2020, huku kandokando ya Ruvuma wapo wenzetu ambao usiku hawalali. Tairi likipasuka barabarani, wanakimbilia vichakani. Wengine wameacha mikorosho ikamezwa na pori. Tukiwaambia waende kwa mshauri nasaha, jibu ni moja: "Mnataka kunipeleka Mirembe?"

Hapana, ndugu. Mirembe iko Dodoma. Wewe unaanzia zahanati, na ikibidi unaandikiwa rufaa kwenda Ligula.

Siku ya kwanza ni maswali tu: unalalaje, unakula vipi, pombe unakunywa kiasi gani, umewahi kuwaza kujiua. Hilo la mwisho lisikuudhi, wengi huulizwa, lijibu kweli. Ukishindwa kusema, nyamaza, hakuna atakayekukaba. Unayosema ni siri, isipokuwa uhai wako au wa mwingine uwe hatarini. Pengine utatoka umechoka, hata umelia. Wanaume mnaoliogopa hilo tunawajua! Kulia si kuharibikiwa. Nafuu huja polepole, kwa kurudi mara kadhaa. Hii si homa ya kumeza vidonge siku tatu. Si wote hupewa dawa, na aliyepewa asiache kwa hiari yake.

Kwenda kwa mganga wa kienyeji au kusomewa dua hatukukatazi, lakini mweleze daktari dawa ulizokunywa.

Anayetaka kusindikizwa amwone katibu. Hataulizwa ana shida gani.