Tyubu Moja Haitibu Kila Upele

Mazungumzo ya leo yanahusu ile tyubu ndogo ambayo nyumba nyingi zinayo, na ambayo hutolewa kila mtu anapoanza kujikuna.

Chukua mfano wa mama anayechuma majani chai karibu na Kebirigo. Mikono yake huloa umande tangu alfajiri, ngozi inapasuka na kuwasha. Kwenye zahanati anaambiwa ni ukurutu, anapewa krimu ya steroidi. Siku chache baadaye mikono imetulia. Dawa imefanya kazi yake, maana steroidi hutuliza kinga ya mwili iliyo kwenye ngozi, na mwasho na uvimbe hupungua.

Mwezi unaofuata mwanawe anarudi kutoka shuleni na duara shavuni. Mama anachukua tyubu ileile. Mwasho unaisha, duara linafifia, nyumba nzima inafurahi. Kumbe ni choa, na choa huletwa na kuvu. Kinga ikishatulizwa, kuvu hupata nafasi ya kuenea. Baada ya wiki kadhaa duara limepanuka na kupoteza umbo lake, kiasi kwamba hata daktari anatatizika kulitambua. Choa huhitaji dawa ya kuvu; kikiwa kichwani, mtoto hupewa dawa ya kumeza. Upele unaowasha familia nzima usiku nao una dawa yake.

Steroidi hazilingani nguvu. Hydrocortisone ni hafifu, betamethasone ina nguvu, na clobetasol ni kali zaidi. Majina haya huandikwa kwa herufi ndogo kwenye pakiti, na ndiyo ya kusomwa kabla ya picha. Tyubu zenye dawa tatu kwa pamoja, ambazo wengi huzidhania salama kwa kila kitu, mara nyingi huwa na steroidi ndani.

Kipimo ni rahisi: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza hutosha eneo la viganja viwili. Hupakwa nyembamba, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku alizosema mhudumu. Krimu kali haifai usoni wala karibu na macho. Mtoto asipakwe chini ya nepi bila ushauri, kwa kuwa nepi huifanya dawa ipenye zaidi.

Wapo pia wanaoipaka ili weupe uje. Kinachokuja ni ngozi nyembamba, chunusi, na michirizi isiyofutika. Aliyeitumia kwa miezi mingi asiiache ghafla, kwani ngozi inaweza kuwaka na kuwasha vibaya. Aende kituo cha afya kilicho karibu na tyubu yenyewe mkononi, hata ikiwa tupu, mhudumu asome kilichomo.